Mtoto Aliyeachwa kwa Mama Hasani

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, imekatika sasa hivi, saa kumi na moja jioni. Maji ya uani yamefika kizingiti cha jiko, na mama mwenye nyumba anayasukuma kwa fagio huku akiwatukana watu wa Msimbazi kana kwamba wao ndio waliomletea.

Shajara, leo sikusalimii. Nimekaa kitandani na viatu vyenye matope na sina nia ya kuvivua.

Namchukia Bwana Aminieli.

Nimeshaandika hivyo mara ngapi humu? Nimepekua nyuma: Jumatatu nimeandika, Jumatano nimeandika mara mbili. Daftari hakuna madukani, kwa hiyo naandika kwenye karatasi ngumu za mgongoni mwa stensili, zile tunazobandua ofisini na kuzitupa. Hata chuki yangu kwake naiandika juu ya takataka za ofisi yake. Lakini leo kuna jambo jipya ndani ya chuki hii, na nataka kuliandika kabla sijajitafutia visingizio.

Nianze mwanzo. Nikianzia mwisho nitajipendelea.

Mimi ni taipisti. Ofisi yetu inatengeneza vitabu vya kusomea watu wazima wa kisomo, na kazi yangu ni kukata stensili: napiga ile karatasi ya nta kwa mashine, herufi zinatoboa, kisha inavishwa kwenye mashine ya kudurufu na kuzungushwa kwa mkono. Bwana Aminieli ndiye mhariri. Mchana ananiletea miswada mezani. Jioni, siku tatu kwa wiki, ananifundisha uandishi katika darasa la shule ya msingi karibu na Mnazi Mmoja, mimi na wenzangu kumi na mmoja, magoti yetu yamebanwa chini ya madawati ya watoto. Kwa hiyo mtu huyu ninaye kutwa nzima. Hata mume sikuwahi kuwa naye kiasi hicho.

Siku ya kwanza ya darasa walimu wetu watatu walijitambulisha, na hapo ndipo nilipoanza kuwashuku. Mimi nilidhani nimekuja kufundishwa na waandishi. Bwana Aminieli akasimama, akakohoa, akatueleza kwamba alianza kuwa mwalimu wa shule ya misheni huko kwao Kilimanjaro, akaacha. Akawa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, akaacha. Akaja Dar es Salaam akawa Bwana Afya wa Ilala, anapita nyumba kwa nyumba kuchungulia mitungi ya watu. Akahesabu mizigo relini. Akasahihisha magazeti. Akaandika kijitabu cha kuchimba vyoo, na riwaya moja ambayo mpaka leo sijakutana na mtu aliyeisoma. Mwishowe akawa mhariri. Alizitaja kazi zote hizo kwa fahari, moja moja, bila kuruka hata ya vyoo.

Mzee Nangomwa, anayetufundisha ushairi, ni fundi cherehani hadi leo, ana baraza lake Kariakoo na huja darasani na chaki mfukoni na pini zimechomekwa kwenye ukosi wa shati. Bi Salama alikuwa mkunga miaka ishirini, kisha akaandika michezo ya redio. Sasa hospitali imemstaafisha, redio imemchoka, amebaki na sisi.

Niliandika humu siku ile: nchi hii haina waandishi, ina watu waliochokwa na kazi nyingine.

Na kila mmoja anatufundisha ile kazi yake ya zamani, ila anabadilisha majina tu. Mzee Nangomwa anasema shairi lisilokaa mabegani halina haja ya kupigwa pasi. Bi Salama anasema ukishamleta mtoto kwenye hadithi, uwe unajua kila ukurasa amelala wapi. Ni mazoea ya wodini hayo. Alikuwa hakabidhi zamu kabla hajahesabu watoto wote, kitanda kwa kitanda. Naye Bwana Aminieli anaisoma hadithi ya mtu kama anachungulia mtungi wa maji. Hana haja ya kujua maji ni matamu au la, anachotafuta ni viluwiluwi vya mbu. Akivipata anamwaga maji yote.

Yangu aliyamwaga.

Hadithi yangu inahusu mwanamke anayeitwa Mwanaidi. Anauza dagaa na pilipili kavu shimoni, ile orofa ya chini ya soko jipya la Kariakoo. Mumewe ametangulia kwenye kijiji cha ujamaa na anamwita kila wiki, na yeye bado hajaamua. Ana mtoto wa miaka miwili, Tatu. Kila asubuhi anamwacha kwa jirani yake wa Ilala, Mama Hasani, halafu anakwenda sokoni. Mwisho wangu ulikuwa hivi: jioni Mwanaidi anafunika dagaa wake kwa gunia, ananawa mikono kwa majivu ili harufu itoke, anatembea hadi Ilala, anamchukua Tatu mgongoni, anarudi nyumbani kuwasha jiko. Basi. Kurasa nne. Sijapata kuandika kitu kwa raha kama kurasa zile.

Nieleze kwa nini, maana leo sina ruhusa ya kuficha.

Nina mtoto. Yuko Lindi kwa mama yangu. Nilimwacha ana miaka miwili, nikasema mwaka mmoja tu, nipate kazi, nipate chumba, nimfuate. Kazi nimepata. Chumba nimepata. Sasa ana miaka sita. Mama akiniandikia kuuliza lini, namtumia sabuni.

Hapa mjini hakuna anayejua. Nilipoomba kazi niliulizwa kama nina watoto wa kunichelewesha asubuhi, nikasema sina, na tangu hapo nimekuwa sina.

Kwa hiyo Mwanaidi alikuwa anamfuata mtoto wake kila jioni kwa niaba yangu.

Bwana Aminieli alizisoma zile kurasa nne darasani kwa sauti, mwezi uliopita. Alipomaliza akavua miwani. "Ndugu," akaniambia, "huu si mwisho. Hii ni jioni tu."

Darasa zima likacheka. Hata yule bwana wa posta akacheka, ambaye hadithi zake zote huishia mtu kuamka usingizini. Bwana Aminieli akachukua kalamu nyekundu akazipiga mstari kurasa zote nne, mstari mmoja mrefu kwa kila ukurasa, akasema mwisho lazima mtu aamue. Kisha akauandika yeye mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu. Katika mwisho wake Mwanaidi anafunga biashara saa sita mchana, anakwenda moja kwa moja Mnazi Mmoja ambako malori ya kwenda vijijini yanangoja, anapanda, anaanza kuimba na wenzake, na lori linaondoka.

Unaona, shajara? Mimi niliona mara ya kwanza tu niliposoma.

Jumatatu aliniletea mswada mezani niukate stensili. Nikapiga ukurasa baada ya ukurasa, nikafika kwenye lori, nikasimamisha vidole. Tatu yuko Ilala kwa Mama Hasani! Mama yake amepanda lori anaimba, na mtoto hakumbukwi hata na nukta moja. Bwana mkubwa, mchunguzi wa mitungi yote ya Ilala, amemsahau mtoto.

Nilicheka. Naandika ili nikumbuke kwamba nilicheka, tena kwa sauti, mpaka msichana wa mapokezi akauliza kulikoni.

Ningeweza kumwambia, maana mlango wake uko hatua nne kutoka mezani kwangu. Ningeweza hata kuongeza maneno matatu mimi mwenyewe, "akampitia Tatu kwanza," na nafasi ilikuwepo. Lakini kuna siku nilirekebisha sentensi yake moja iliyolala chali, naye akaja akasimama mbele ya ofisi nzima akasema, "Wewe hapa ni vidole. Kichwa ukilete darasani jioni." Wale walionisikia nikiitwa vidole bado wananitania. Basi nikasema vema, leo utapata vidole. Nikapiga kilichoandikwa, herufi kwa herufi, nikampakia Mwanaidi lorini peke yake.

Kuna desturi ofisini kwetu. Stensili haiendi kwenye mashine mpaka mhariri aishike juu, aielekeze dirishani, aisome kwa mwanga unaopita kwenye matundu ya herufi, kisha atie sahihi pembeni kwa penseli. Bwana Aminieli akaishika ile ya mwisho, akaisoma midomo ikicheza, akatia sahihi. Nilikuwa namtazama. Nikajisikia kama nimeshiba.

Nakala mia mbili zikatoka, na karatasi ya ofisi ikaisha papo hapo.

Sasa desturi ya pili. Kitabu chetu hakiendi kwa mpiga chapa mkubwa kabla hakijajaribiwa na wanakisomo. Kinasomwa mbele yao, na mkurugenzi anakuwepo. Wakikipenda, kinakwenda mitamboni na kusambazwa nchi nzima. Wasipokipenda, nakala zinarudi ofisini na tunaandika nyuma yake. Hadithi yangu ilipangiwa leo, saa nane mchana, kwa akina mama wa sokoni. Kwangu ilikuwa ama kitabu changu cha kwanza, ama karatasi chakavu. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nilikuwa nimeweka mle ndani shimo na kulifunika kwa majani, nikingoja Bwana Aminieli atumbukie mbele ya mkurugenzi.

Nilivaa gauni la kitenge la Idi. Nilikwenda kuangalia.

Ukumbi wa kisomo uko nyuma ya soko, una bati lisilo na dari, na mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba wasomaji walisoma kwa kupiga kelele. Wanawake kama thelathini, kanga zimelowa, nakala zimefichwa vifuani zisilowe. Mkurugenzi mbele kwenye kiti. Bwana Aminieli amesimama karibu na ubao. Bi Salama naye alikuja, akakaa kona ya nyuma, mwavuli mapajani.

Walisoma kwa zamu, ukurasa mmoja mtu mmoja, vidole chini ya maneno. Na wakaipenda! Hilo sikulitegemea, nilijiandaa kwa mambo mengine yote isipokuwa hilo. Mwanaidi alipobishana na mteja anayeonja dagaa bila kununua, ukumbi mzima ulipiga makofi. "Huyu namjua!" mmoja akapiga kelele. "Anakaa karibu na mlango wa samaki!" Mwingine akasema mume wa Mwanaidi ni shemeji yake kabisa, sema kabadilishwa jina. Mkurugenzi akamwinamia Bwana Aminieli akamwambia jambo sikioni, na mimi niliyekaa karibu nikasikia neno moja: mitamboni.

Nikatamani ukurasa wa mwisho uliwe na panya.

Ukaangukia kwa Mama Kuruthumu. Huyu anauza nazi, ni mtu mzima wa miaka kama hamsini na tano, na ameanza kusoma mwaka huu. Alisoma polepole sana. Mwanaidi akafunga biashara. Mwanaidi akafika Mnazi Mmoja. Mwanaidi akapanda. "Lo-ri... li-ka-o-ndo-ka," akasoma, akalamba kidole, akafunua ukurasa ili aendelee.

Hakuna. Nyuma ya kitabu tu.

Akaigeuza nakala. Akaangalia ya jirani yake. "Yangu imekatika," akasema. "Ya mwenzangu pia. Mtoto je?"

Halafu wakaanza kufunua nyuma, karatasi zikachakarisha ukumbi mzima, wakihesabu kurasa, wakimtafuta Tatu. Wakamkuta pale pale nilipomwacha, kwa Mama Hasani, ukurasa wa tatu.

"Kaondoka anaimba!" mmoja akasema. "Mwanawe yuko Ilala!"

"Na Mama Hasani naye ana wake. Nani kamwambia alee wa watu?"

"Tangu asubuhi yule mtoto anangoja," akasema Mama Kuruthumu.

Walikasirika kwelikweli, sijawahi kuona watu wamekasirikia karatasi namna ile. Walimkasirikia Mwanaidi, ambaye dakika tano nyuma alikuwa shoga yao. Nikamtazama Bwana Aminieli. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anafunua nakala yake haraka haraka kama mtu aliyepoteza tiketi. Hii ndiyo sura niliyoingoja wiki nzima, na nikaiona, na ilikuwa tamu kwa muda wa kama kuhesabu mpaka tatu.

Kisha mmoja akauliza, "Kaandika nani?"

Wakafunga nakala wakatazama jalada. Wanawake thelathini, wote sasa wanajua kusoma, wakasoma jina langu kwa pamoja.

Nililipiga mwenyewe hilo jina. Kwa herufi kubwa, nafasi kati ya kila herufi, mstari chini yake. Jina la mhariri halipo popote, wahariri hawaandikwi kwenye vitabu vyetu. Miaka minne nakata stensili za majalada, najua hilo kuliko ninavyojua njia ya nyumbani. Na wiki nzima ya kutega mtego wangu sikulikumbuka hata mara moja.

Mratibu wa kisomo akaninyooshea mkono, maskini, akidhani ananipa heshima. "Mwandishi mwenyewe yupo hapa!"

Mama Kuruthumu akanitazama. Hakuwa na ukali tena, alitaka tu kuelewa. "Mwanangu," akaniuliza, "wewe una mtoto?"

Nikasema, "Sina."

Mbele ya watu wote wale. Sikufikiri hata kidogo, lilitoka lenyewe, limeshazoea njia.

"Ndiyo maana," akasema. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hajui huyu. Atajua akizaa." Na wengine wakaitikia, ndiyo maana, atajua akizaa. Wakanisamehe. Wote, palepale, kwa moyo mweupe. Mmoja akanipigapiga mgongoni.

Ningependa kuandika kwamba hapo nilisimama nikasema kweli. Nilikaa. Nilitazama sakafu.

Aliyesimama alikuwa Bwana Aminieli. "Akina mama," akasema, na kwa ajili ya mvua ilibidi apige kelele, "kosa si la mwandishi. Yeye aliandika mama anamfuata mwanawe jioni, vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyekata kurasa nne nikaandika huu upuuzi. Mtoto nilimsahau mimi."

Mkurugenzi akageuka kumtazama. Mama Kuruthumu naye.

"Na wewe, baba, una watoto?"

"Sita."

"Basi wewe huna udhuru."

Walicheka, kisha wakamsema, na walimsema sawasawa, kila mmoja na lake, na yeye alisimama pale mikono nyuma akipokea yote kama mwanafunzi. Shajara, nilikuwa nimeomba hasa hiki. Mtu yule, mbele ya mkurugenzi, akisemwa na wauza nazi! Nilipewa chote nilichoomba na sikukitaka tena. Na namchukia zaidi kwa kule kusimama. Angekaa kimya ningekuwa na haki yangu. Sasa nimebaki na nini?

Bi Salama hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amegeuza kiti ananitazama mimi. Amezalisha wanawake miaka ishirini, nadhani anajua mwanamke aliyezaa akimwona amekaa.

Mkurugenzi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atauona mwisho mpya Jumatatu, kisha ataamua, akaondoka na gari.

Tulibaki mlangoni tukingoja mvua ipungue, mimi na Bwana Aminieli, yeye amejifunika kichwa kwa nakala mbili za kitabu changu. Niliomba mvua iendelee na papo hapo nikaomba ikatike.

"Uliona," akasema. Hakuwa anauliza.

"Wewe huachi hata nukta. Uliona Jumatatu." Alitazama maji mtaroni. "Nilipokuwa relini niliona kosa kwenye hati ya mkubwa wangu. Magunia hayakulingana. Nilikuwa simpendi yule bwana, alikuwa ananidharau. Nikasema mwache aumbuke. Siku ya ukaguzi aliyefukuzwa ni mpagazi. Mtu wa Songea, ana familia." Akakung'uta maji kwenye nakala. "Zile kazi nyingine huwa nawaambieni niliziacha. Nilifukuzwa, zote. Ni ya relini tu niliyoacha mwenyewe."

Nilitaka kumwambia asinifundishe, hii si saa ya darasa.

"Stensili zimebaki nne," akasema. "Mwisho ni wako, uandike wewe. Jumatatu saa mbili. Karatasi nitaihangaikia mimi." Halafu, bila kunitazama: "Na lile neno la vidole, nalirudisha."

Akaingia mvuani. Sikusema asante. Sikusema samahani pia.

Mratibu alikuwa anakusanya nakala ili tuzitumie upya, na Mama Kuruthumu akagoma kutoa yake. Wakavutana kidogo. Nikasogea kuona kwa nini. Chini ya ukurasa wa mwisho, penye nafasi tupu, alikuwa ameandika kwa penseli, herufi kubwa zinazopanda na kushuka: MWANAIDI AKARUDI AKAMCHUKUA TATU. Mratibu akaniambia mama huyu mpaka leo alikuwa ananakili ubaoni tu. Hii ndiyo sentensi yake ya kwanza aliyoitoa kichwani mwake mwenyewe.

Nikamwambia mratibu amwachie.

Sasa niko hapa. Zile kurasa zangu nne ziko mapajani na mistari yake myekundu. Nimezisoma. Ni nzuri. Bwana Aminieli alikosea, jioni inaweza kuwa mwisho, na nitazipiga vilevile zilivyo, sitabadili neno. Hilo lilikuwa rahisi kuamua, limenichukua dakika moja. Huenda siku moja nami nitasimama mbele ya darasa fulani na kuwatajia vijana kazi zangu, na ya kwanza itakuwa taipisti, nao watanicheka moyoni. Wacheke. Sijui kama nitakuwa na ujasiri wa kuwaeleza habari ya stensili ya leo.

Bado namchukia. Nimejaribu kuacha njia nzima ya kurudi nyumbani na sikuweza, anaudhi mno, hata akitubu anatubu kwa kufundisha. Lakini si yeye aliyeniambia niseme sina.

Barabara ya kusini imefungwa kwa mvua, magari yamekwama ng'ambo ya Rufiji, na meli sijui ratiba yake. Haya yote ni kweli, na haya yote nimemwandikia mama mwaka jana na mwaka juzi, pamoja na sabuni. Safari hii barua itakwenda bila sabuni. Nimeshaandika mstari wa kwanza: Mama, mtayarishe Rukia, barabara ikifunguliwa ninakuja mwenyewe. Na Jumatatu nitamwambia mkurugenzi kwamba niliposema sina nilidanganya, na kama kuna kuchelewa asubuhi, nitachelewa.

Lakini kabla ya ofisi nitashuka shimoni, mapema, Mama Kuruthumu anapopanga nazi zake. Ninamwogopa kuliko mkurugenzi. Aliniuliza swali mbele ya watu, kwa wema, na jibu lake ninalo hapa tangu saa tisa.

Ninaye, mama. Anaitwa Rukia. Ananingoja mwaka wa nne huu.